Mtamba wa Mama, Ng'ombe wa Wifi

6 Machi

Mdogo wangu,

Ng'ombe wa tatu amekufa jana mchana. Alianza kama wenzake: tezi chini ya sikio ikavimba ikawa kama limau, homa ikapanda, akaacha kula. Mwishoni alihema kama mtu aliyekimbizwa, na povu jeupe likamtoka puani. Bwana mifugo alifika, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akasema "pole mzee" na kuwasha pikipiki yake. Ndigana. Jina nalijua, lakini kulijua hakunisaidii.

Tunawaogesha kila wiki. Kupe wanaingia joshoni, wanatoka wamelewa, jioni wamepata fahamu na wanaendelea na kazi. Mtunza josho anaapa kwamba dawa ni kali. Nimemwambia atumbukie yeye tuone.

Wamebaki wawili. Kuna Matroni, yule wa gredi, chotara wa kizungu mwenye mabaka meusi, ambaye wifi yako alikuja naye kutoka kwao akiwa bado ndama. Maziwa yake ndiyo yanayoiweka nyumba hii wima. Na kuna Mjukuu, mtamba wa Mama wa kienyeji, wa nundu, wa mwisho katika ukoo wa ng'ombe wa Baba. Unakumbuka kwa nini anaitwa hivyo: mimi na wewe tulikua kwa maziwa ya bibi yake.

Wewe unashinda na kupe huko kwenye kituo chenu cha utafiti. Ni kweli ng'ombe wa nundu hawadhuriki, kama Baba alivyokuwa akisema? Na kama mna dawa yoyote, hata ya kupaka, nitumie. Sina pengine pa kukimbilia.

Simu bado hazishiki, mnara haujatengenezwa. Jibu mpe dereva wa gari la maziwa. Mama anakusalimu, wifi yako anakusalimu, watoto pia.

Kaka yako

—

11 Machi

Kaka,

Pole. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa maabara, glavu ziko mikononi.

Nakujibu kwa nilichokiona kwa macho yangu. Hapa tunanyoa masikio ya ng'ombe, tunagundisha mfuko mdogo wa kitambaa juu ya kila sikio, na ndani tunaweka kupe, idadi ileile kwa gredi na kwa wa nundu. Kupe wetu tunawazalisha chupani, wanatunzwa kuliko ninavyotunzwa mimi. Mara ya kwanza tofauti ni ndogo. Tukirudia mara ya tatu na kufungua mifuko, kwa gredi wanatoka wamejaa kama maharage. Kwa wa nundu wengi wamesinyaa kama mbegu za ufuta, na wengine wamekufa hapohapo walipouma. Kisha nakata kipande kidogo cha ngozi na kukiweka chini ya hadubini. Kwa wa nundu, seli za ulinzi zimejazana pale mdomo wa kupe ulipoingia, na zilifika mapema. Kwa gredi zinafika pia, ila mgeni ameshakula na kushukuru.

Kwa hiyo Baba hakukosea. Mjukuu bado anakwenda malishoni na ng'ombe wa majirani, kama tulivyokubaliana Baba alipofariki? Kama ndivyo, mwache. Acha kumnyunyizia dawa, ngozi yake inajua kazi. Matroni ndiye wa kufungia bandani. Mnyunyizie, na mkague masikio asubuhi na jioni.

Dawa ya kituo hairuhusiwi kutoka. Lakini nitauliza.

Mdogo wako

—

17 Machi

Mdogo wangu,

Umenifufua. Ndiyo, Mjukuu anakwenda malishoni kama tulivyokubaliana, usiwe na wasiwasi. Kumnyunyizia nimeacha siku ileile barua yako ilipofika.

Mama nimemsomea yale ya hadubini. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema: "Kumbe mwanangu amesoma miaka yote hiyo kuja kuniambia alichosema mume wangu bure." Anasema watu wa maabara waje wamhoji yeye.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, yule tunayemwita Redio kwa kuwa habari ikimfikia imeufikia mtaa mzima, naye ana mtamba wa nundu. Amenifanya nimsomee barua yako mara mbili, halafu akaniomba nimsomee tena pale pa maharage.

Leo nimemkagua Mjukuu masikio. Kupe wapo, tena wengi. Nimewaacha wajionee wenyewe.

Kaka yako

—

24 Machi

Wifi,

Naandika bila kaka yako kujua. Ameenda joshoni kugombana.

Yule mtamba hajawahi kukanyaga malisho. Tangu azaliwe yuko bandani kando ya Matroni. Ananyunyiziwa kila wiki, banda limezungushiwa chandarua, na mto wa kulalia angepewa kama angekuwa na habari nao. Kaka yako alikuahidi kwamba angemtoa. Akaogopa kumpoteza, akaona afadhali akuambie unachopenda kusikia. Si mtu mbaya. Uongo anautia kama anavyotia sukari kwenye chai, bila kupima.

Barua yako ilipofika nilimwambia: "Baba watoto, mwambie dada yako ukweli kwanza." Akanijibu: "Nundu ni nundu, mambo yamo kwenye damu." Akafungua mlango. Mjukuu alisimama pale kwenye nyasi kama mgeni aliyekosea nyumba. Ilibidi Mama amvute kwa kamba.

Sasa ana homa tangu jana, na tezi imevimba. Na leo asubuhi nilipomshika Matroni wangu, masikio yanawaka moto. Yeye hatoki, lakini majani tunayomkatia yanatoka kulekule kwenye kupe.

Wifi, mimi si mtu wa maneno mengi kwako, unanijua. Matroni nilimlea kwa chupa, nikamleta hapa kwa miguu. Watoto wanakunywa kwake. Kama kuna kitu unaweza kufanya, kifanye sasa.

Wifi yako

—

27 Machi

Kaka, na wewe wifi usome naye,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze, amefanya ambacho ulipaswa kufanya wewe.

Ngozi ya ng'ombe wa nundu haizaliwi ikijua. Inajifunza haraka kuliko ya gredi, lakini lazima iumwe, kidogo kidogo, tangu utotoni. Hao unaowaona malishoni hawajali kupe kwa sababu hawajawahi kuishi bila kupe. Mjukuu mmemtoa ndani mkamkabidhi kwa kupe wote wa bonde kwa siku moja.

Na mimi nina langu. Kupe wangu ni wasafi. Wanaanguliwa chupani, hawajawahi kukutana na ugonjwa wowote. Uliniuliza kuhusu ng'ombe wanaokufa, nikakujibu kuhusu ngozi. Kupe wako wana ndigana kwenye mate, na kwa ndigana hata kupe wachache wanatosha.

Mkuu wa kituo amenipa chupa ya dawa iliyokuwa imefunguliwa. Ni hii aliyonayo dereva. Madukani mjini hakuna, nimezunguka yote, kila mtu anaitafuta hiyohiyo. Iliyobaki inamtosha ng'ombe mmoja tu: nusu mchome leo, nusu keshokutwa, kwenye msuli wa shingo.

Mpe Matroni.

Nimelipima hili, sijaropoka. Gredi akishapata ndigana na asipate dawa, karibu wote hufa. Wa nundu, hata asiyewahi kuumwa na kupe, kuna wanaopona wenyewe. Mjukuu ana nafasi, si kubwa, lakini anayo. Matroni hana kabisa. Na usiigawe dawa kwa wote wawili ili umridhishe kila mtu, utawaua wote wawili.

Mama mwambie ni mimi niliyesema. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Mdogo wako

—

3 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifanya kama ulivyoagiza. Matroni alipata sindano zote mbili, shingoni, kama ulivyosema. Hakupona. Amekufa Jumamosi. Wifi yako alimkamua asubuhi ile, ikatoka kidogo tu, nzito, akaimwaga chini.

Mjukuu amesimama. Tangu juzi anasimama mwenyewe, na jana amekula majani kutoka mkononi mwa Mama. Homa imeshuka. Ulikuwa sahihi kuhusu wa nundu. Mama hataki kutoka bandani, analia na kucheka.

Wifi yako alimwosha mwenyewe kabla hatujamzika.

Asante kwa dawa. Mshukuru na mkuu wako.

Kaka yako

—

7 Aprili

Kaka,

Mpe wifi pole yangu. Mwambie nimeisoma habari ya Matroni na imeniuma. Huenda dawa ilichelewa, kwa gredi ugonjwa unakimbia. Sina cha kumpa zaidi ya hilo, na najua hilo si kitu.

Lakini Mjukuu! Unajua umeniandikia nini? Mtamba aliyekulia bandani, ngozi yake haijafundishwa chochote, amepata ndigana yenyewe ya malishoni, na amepona bila dawa. Nimekimbia na barua yako mpaka kwa mkuu wa kituo. Ameisoma mara mbili, ameniambia nikae, na kwake watu hawaambiwi wakae. Anataka tuje tuchukue damu yake na kipande cha ngozi ya sikio. Kwa mwaka mzima tumekuwa tukiambiwa utafiti huu ufungwe, na ghafla nina ng'ombe wa mama yangu.

Mwambie Redio na wengine wenye ng'ombe wa nundu wasikimbizane na dawa. Iliyopo ni chache, waiache iwafikie wenye gredi. Wao wawape ng'ombe wao maji na kivuli, wavumilie.

Mdogo wako

—

14 Aprili

Wifi,

Nilinyamaza kwa sababu sikuwa nimeona kwa macho yangu. Sasa nimeona.

Jana Mama aliamka mgongo unamuuma, nikaenda mimi kumsugua Mjukuu. Nikapitisha mkono shingoni, upande wa kushoto. Kuna uvimbe mgumu, mahali pawili, chini ya ngozi. Matroni nilimwosha mwenyewe kabla hatujamzika, wifi. Nilimwosha shingo yote. Ilikuwa laini kama siku niliyokuja naye.

Siku ya sindano ya kwanza kaka yako alinituma mtoni nikalete maji ya kumpoza Matroni. Niliporudi, sindano ilikuwa tupu. "Tayari," akaniambia. Siku ya pili akanituma tena maji. Nikaenda na ndoo kichwani kama mjinga. Nilikuwa namuombea ng'ombe wangu njia nzima.

Jana nilimuuliza: "Mjukuu ana nini shingoni?" Akasema: "Kupe." Nikamwambia: "Kupe gani huyo anayeuma mpaka ndani ya nyama?" Mama alikuwa anachambua mchele pale mlangoni. Hakuinua uso. Hapo nikajua kwamba katika nyumba hii asiyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Lakini hilo ni langu. Ninaloandikia ni hili. Redio amesomewa barua yako ile ya mwisho. Alikuwa ameshapata chupa ya dawa kwa bwana mifugo baada ya kuisubiri kama mtu anayesubiri visa. Akairudisha. Amechomwa ng'ombe wa mtu mwingine, gredi, kama ulivyosema. Sasa mtamba wa Redio ana homa. Kila asubuhi anapita hapa kuuliza Mjukuu alisimama siku ya ngapi, ili ajue wake atasimama lini. Mimi namtazama kaka yako. Kaka yako anatazama paa.

Wifi yako

—

16 Aprili

Kaka,

Nusu ya kwanza ya barua hii isome kwa sauti joshoni, siku ya kuogesha, watu wote wakiwepo. Usipunguze neno.

*Mtamba wa mama yetu alipona kwa sababu alichomwa dawa. Niliyoyaandika mwanzo wa mwezi huu si kweli, na ushauri nilioutoa mkaufuata ulikuwa mbaya. Ng'ombe wa nundu huzuia kupe vizuri kuliko gredi pale tu anapokuwa amezoea kupe tangu udogo. Kuzuia kupe si kuzuia ndigana. Mwenye ng'ombe mwenye homa na tezi iliyovimba, wa nundu au wa gredi, atafute dawa leo. Asingoje kesho. Makosa ni yangu mimi niliyeandika.*

Hapa chini ni pako peke yako.

Sina chupa nyingine ya kumtumia Redio. Nimemwomba mkuu, nimemwomba mtunza stoo, nimepanda pikipiki mpaka kituo cha pili na kurudi mikono mitupu. Mkuu nimemweleza kuhusu Mjukuu. Hakufoka. Alichukua karatasi aliyokuwa ameanza kuandika, akaikunja mara nne, akaniuliza kama nina lingine.

Ulinidanganya mara mbili kwa ng'ombe mmoja. Mara ya kwanza nilikuamini kwa kuwa wewe ni kaka yangu. Mara ya pili nilikuamini kwa kuwa nilitaka iwe kweli, na hilo silitupi kwako. Ng'ombe mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingeandika vile kwa ushahidi wa ng'ombe mmoja.

Mdogo wako

—

22 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma. Sikupunguza neno.

Watu walikuwa wengi. Redio alikuja bila ng'ombe, kamba iko begani. Mtamba wake alikufa siku moja kabla dereva hajafika na barua yako. Nilipofika pale pa "si kweli" mtunza josho akazima pampu ili wa nyuma nao wasikie. Nikalazimika kurudia.

Nilidhani Redio atanipiga. Ningeshukuru. Akanitazama tu, akasema: "Wewe nakujua. Ungeniambia wewe, dawa nisingeirudisha. Niliirudisha kwa sababu imeandikwa na dada yako." Akaondoka, na tangu siku ile hajazungumza na mtu. Redio, mdogo wangu.

Wifi yako alikuwa amesimama nyuma ya watu. Hajaondoka nyumbani, kama unajiuliza. Anapika, tunakula, nguo zangu zimefuliwa. Watoto wanakunywa chai isiyo na maziwa na hawaulizi, nadhani amewakataza. Zamani aliniita baba watoto. Sasa ananiita "wewe". "Wewe, chakula." "Wewe, mlango."

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, halafu nitanyamaza. Nilitaka kumchoma Matroni. Nilimtuma mke wangu maji kwa sababu niliogopa kukosea na sikutaka anione. Hakukuwa na hila, siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimeshapapasa shingo ya Matroni na nimepata mahali. Mama akaja akasimama mlangoni mwa banda. Barua yako nilikuwa nimemsomea, kila kitu alikijua. Hakuniambia mpe wangu. Hakulia. Alimtazama Mjukuu amelala pale, akanitazama mimi, akaniuliza: "Umekula?"

Basi. Nikaondoa mkono kwa Matroni.

Siku ya pili sikuwa na njia. Dawa ikishaanzwa kwa mmoja lazima imalizwe kwa huyohuyo, wewe mwenyewe uliandika usiigawe. Safari hiyo maji nilimtuma kwa makusudi.

Ungekuwa wewe ndiye umeshika sindano, na Mama amesimama pale, ungemchoma nani? Usinijibu kama mtu wa maabara.

Kaka yako

—

26 Aprili

Kaka,

Mjukuu sasa mpelekeni malishoni kila siku. Aliyepona ndigana haimrudii kirahisi, na ngozi yake ianze kujifunza. Akizaa, ndama msimfungie.

Umeniuliza swali. Ningemchoma Matroni. Mama angeniuliza kama nimekula, ningemjibu bado, na ningemchoma Matroni.

Nadhani ndiyo sababu Mama anaishi kwako na si kwangu.

Ukimaliza kusoma mpe wifi barua hii. Usimsomee. Mpe mkononi aisome mwenyewe.

Mdogo wako